Jibu la Biasha Mpakani

Mtu yeyote wa Msambweni aliyetaka kuvuka kwenda Tanga bila ya usumbufu alianzia kibarazani kwangu. Sijisifu. Mimi ni fundi wa baiskeli, na kwa miaka mingi nilikuwa nikivuka kwenda kununua minyororo na tairi kwa Mhindi mmoja kule, basi njia nilikuwa ninaijua na makarani wa njiani nilikuwa ninawajua. Watu walikuja na safari zao za arusi na za kuzuru jamaa, nami niliwapa maneno huku mikono imejaa grisi. Wengine waliyafuata. Wasioyafuata walirudishwa, kisha wakaja kunilalamikia mimi, kana kwamba mpaka niliuchora mimi.

Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Cheti cha chanjo ya ndui kikae mfuko wa kifuani, si chini ya mikate iliyo chini ya nguo zilizo chini ya kikapu. Mzigo usiufunge kwa mafundo ya kamba yanayotaka nusu saa kufunguliwa, maana askari akichoka kufungua hukasirika, na akikasirika hufungua hata ambao hakuwa na haja nao. Viatu vipya viache nyumbani. Vitakubana, maumivu yataonekana usoni, na mwenye uso uliokunjamana huulizwa kila swali mara mbili. Ukiulizwa unakwenda wapi, sema Tanga, usianze kueleza babu yako alivyohama Jego.

Na moja nililolitilia mkazo kuliko yote ni hili: jibu ulichoulizwa wewe, usimjibie mwenzio. Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, zama za hali ya hatari, na ingawa fujo zenyewe zilikuwa mbali nasi, huko bara, karatasi zake zilitufikia. Pale kwenye kizuizi cha mpakani mume aliulizwa mbali na mke mbali. Ukimdakia mwenzio jibu, nyote wawili mnaonekana mna la kuficha, na hapo basi linaondoka linawaacha.

Mtu anayeyajua yote hayo, mke wake mwenyewe alikuwa hajavuka hata mara moja. Mganga hajigangi, na mimi ndiye mfano wake.

Nilimwoa Biasha binti Tsuma mwaka wa thelathini na nne. Wiki ya kwanza ya ndoa, kwa uungwana wa kijana aliyefurahi, nilimwahidi kuwa nitampeleka Tanga siku saba, kutembea tu. Si mazishi, si arusi, si kumwuguza mtu. Aliniuliza watu hufanya nini katika safari ya kutembea tu. Nikamwambia wanakaa, wanapikiwa, wanakwenda kutazama garimoshi likiingia, kisha wanarudi kukaa. Alicheka sana, na hakusahau.

Kila mwaka pakatokea jambo. Paa lilivuja. Mama yangu akaugua. Vita vikaja, tairi zikaadimika, na mabasi yakakaa chini. Vita vikaisha, paa likavuja tena. Biasha hakuwa mtu wa kulalamika. Basi la Tanga likipita barabarani yeye alikuwa akisema tu, "Hilo linakwenda peke yake," kisha akaendelea kuchambua mchele. Nami nilijifanya sikusikia, kwa kuwa nilisikia sana.

Lipo na jingine ambalo sharti nilitaje. Mungu hakutujaalia mtoto. Miaka minane ilipopita hivyo, mama yangu alianza kunitafutia mke wa pili, tena hakuificha. Aliwataja wasichana mmoja mmoja wakati wa chakula, na Biasha akiwa papo hapo anapakua. Mwaka wa arobaini na mbili nikafunga kibaraza, nikaenda Mombasa, na siku ya tatu nikarudi na habari kuwa daktari amesema kasoro ni yangu. Mama akanyamaza kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Hakumtaja msichana tena mpaka Mungu alipomchukua.

Habari kama hiyo haikai ndani ya nyumba. Mama alimwambia dadake kwa siri, na dadake akawaambia wengine kwa siri, na baada ya mwezi kinyozi wetu alikuwa akiniita jogoo asiyewika. Nilijibu kwa ulimi, na ulimi wangu hauna huruma. Ndiko nilikopatia sifa ya ukali niliyo nayo mpaka leo. Nyumbani Biasha hakuligusa neno hilo hata siku moja. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, nikasema limempita.

Mwaka huo wa hamsini na sita, Idi ilipopita, nilihesabu nikaona hakuna mgonjwa, hakuna maiti, na paa ni zima. Nikamwendea Biasha jikoni nikamwambia, "Jumanne tunakwenda Tanga. Siku saba. Nimeshaandika kuweka chumba cha kupanga kule Ngamiani."

Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akasimamisha mkono. "Mwenye Nyumba, usinitanie."

"Sikutanii."

Aliiweka nazi chini. Kisha akasema kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha, "Nimengoja miaka ishirini na miwili. Nitakwenda. Lakini nikirudishwa mpakani, usiniahidi tena. Sitakuwa na moyo wa kungojea mara ya pili."

Basi nikaifanya kazi yangu. Barua ya mudiri, mkuu wa serikali wa kwetu, niliifuata mwenyewe, ikaandikwa vizuri: Matano wa Shutu, fundi, na mkewe Biasha binti Tsuma. Vyeti vya ndui nilivitia katika bahasha. Kisha kwa siku tatu mfululizo, baada ya alasiri, nilivaa koti la marehemu baba, nikaketi nyuma ya kasha la sabuni lililogeuzwa, penseli sikioni, nikamwita aingie.

"Jina lako?"

"Biasha binti Tsuma."

"Unatoka wapi?"

"Msambweni, bwana karani. Na hilo koti lina mende."

"Jibu unachoulizwa. Unakwenda kufanya nini Tanga?"

"Kutembea."

"Kutembea tu?"

"Na kutopika."

Nikamwambia la kutopika aliache. Siku ya kwanza alicheka mpaka akalia. Siku ya pili alianza kusimama wima. Siku ya tatu alijibu kama aliyezaliwa pale kizuizini. Nilimwuliza utalala wapi, utakaa siku ngapi, umebeba nini, umechanjwa lini, una jamaa huko au huna. Nikaona hakuna tundu nililoliacha, nikalala usingizi mzuri.

Jumanne tulipanda basi la Sefu, dereva ambaye nilikuwa nimemtengenezea baiskeli zake zote tangu ujana. Biasha alivaa leso mpya na viatu vya zamani, kama nilivyofundisha. Kikapu chake kilikuwa na vitumbua, nguo, na kopo la mafuta ya nazi. Tulipopita Ramisi aliinuka akatazama mashamba ya miwa upande wa kulia, kisha akahamia kutazama upande wa kushoto, na mwanamke aliyekaa naye akamwuliza kama amepoteza kitu.

Kizuizini Sefu alizima moto wa gari akatangaza kuwa ataondoka saa tano kamili, aliyepita na asiyepita. Basi lake lilivuka mara mbili tu kwa wiki, kwa hiyo abiria walishuka upesi. Wanaume tuliingia kwanza. Karani niliyemjua alikuwa amehamishwa, na mahali pake pamekaa kijana wa bara, mwenye miwani na Kiswahili safi cha shule. Maswali yake yalikuwa yaleyale. Nilitoka kabla jasho halijanitoka, nikasimama chini ya dirisha, ambalo lilikuwa tundu tu lisilo na mbao, ili nisikie kazi yangu ya siku tatu ikizaa matunda.

Ilianza vizuri. Jina, kijiji, siku saba, Ngamiani, kutembea. Nilikuwa ninaitikia kwa kichwa huku nje kama mwalimu wa madrasa anayemsikiliza mwanafunzi wake.

"Umefuatana na nani?" karani aliuliza.

"Na mume wangu."

"Mumeo anaitwa nani?"



Nilifumba macho. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina. Hajakatazwa na sheria, ni adabu tu, lakini ni adabu ambayo mwanamke hufundishwa kabla hajajua kupika. Aliyezaa husema Baba Fulani, akamaliza. Biasha hakuwa na Fulani wa kunitajia, kwa hiyo akaniita Mwenye Nyumba, na akiwa amekasirika akaniita yule wa baiskeli. Katika miaka ishirini na miwili sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwake. Na katika zile siku tatu, nilipokaa nyuma ya kasha la sabuni kumwuliza kila kitu duniani, hilo sikumwuliza, kwa kuwa mumewe alikuwa ni mimi, nimekaa mbele yake na penseli sikioni. Nani amwulizaye mkewe, mimi ninaitwa nani?

"Jina liko kwenye hiyo barua ya mudiri," alisema Biasha.

"Nimeliona. Ninataka kulisikia kwako."

"Kwetu mke hamtaji mumewe, mwanangu. Ni adabu."

"Basi mtaje kwa mtoto. Ni baba nani?"

"Hatukujaaliwa."

Karani alikohoa. Nilisikia kiti chake kikisogea. "Mama, sina ubaya nawe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kweli. "Wiki iliyopita mwanamke alipita hapa kwa barua ya mwenziwe, na mimi nikaonywa. Nikionywa tena nitarudi kwetu kulima. Taja jina moja tu, upite."

 Nami huku nje jina langu lilikuwa limenijaa mdomoni kama funda la maji. Nilifungua kinywa. Askari aliyesimama karibu nami akanitazama, akatikisa kichwa pole pole. "Mzee, ukimjibia, mtarudi wote wawili," aliniambia. Maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, nimeyasema kibarazani miaka yote ile. Nikafunga kinywa.

Sefu alipiga honi ya kwanza. Nasema kweli, nilimkasirikia mke wangu wakati huo. Nilisema moyoni, Biasha, sema Matano, herufi sita tu, Mungu atasamehe na mimi nimekwisha kusamehe. Miaka ishirini na miwili ya kungojea, paa, vita, mazishi, na sasa unaiacha Tanga yako kwa ajili ya neno ambalo hata watoto wa jirani hulisema wakiniletea baiskeli. Na nilikuwa ninajua kuwa akirudishwa siku hiyo, ndiyo basi. Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Ndani, karani alipiga piga kalamu juu ya meza. "Haya, tufanye hivi," alisema. "Nipe jambo moja la mume wako ambalo jirani zenu hawalijui. Si linalosemwa mjini. Jambo ambalo ukiondoka wewe, ni yeye peke yake alijuaye. Nitamwita nimwulize. Mkilingana, mnapita. Msipolingana, yeye akitaka ataendelea na safari, lakini wewe unarudi."

 Nilisikia hatua za Biasha zikisogea mezani, na sauti yake ikashuka mpaka sikuipata tena. Nilisikia karani akisema "enhe" mara moja. 

Wakaniita. Biasha alikuwa amekalishwa kwenye benchi la pembeni, uso ukutani, mgongo kwangu. Karani alikuwa amevua miwani anaifuta. Aliivaa, akanitazama, akaniuliza polepole:

"Mzee, mwaka wa arobaini na mbili ulikwenda Mombasa kwa daktari. Daktari alikwambia nini?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Nilikuwa nimelitoa kwa mama, kwa shangazi, kwa kinyozi, kwa kila aliyeniuliza kwa huruma au kwa kejeli, hata limekuwa laini kama mpini wa jembe. Daktari alisema kasoro ni yangu. Nikafungua kinywa kulisema.

Hapa ndipo niseme ambalo sijamwambia mtu. Sikumwona daktari yeyote. Nilifika Mombasa nikaenda moja kwa moja Mwembe Tayari, kwa Garama, fundi aliyenifundisha kazi, nikakaa kwake siku mbili nikimsaidia kuziba tairi na kula chakula cha mkewe, Jemima. Siku ya tatu nikarudi nyumbani na uongo wangu. Kasoro ilikuwa ya nani, mimi sijui, na sikutaka kujua. Nilijua mambo mawili tu: kwamba sitaki mke mwingine, na kwamba sitaki Biasha aitwe tasa ndani ya ua wetu na huku anatupakulia chakula. Naye Biasha nilimwambia vilevile nilivyowaambia wengine. Ningemwambia kweli, angekataa. Angemwendea mama siku ileile akalivua lile neno kwangu akalivaa mwenyewe. Ndivyo alivyo.

Kwa hiyo hesabu yangu ya kwanza pale mbele ya karani ilikuwa nyepesi. Biasha anaujua uongo. Ili tulingane, sharti niseme uongo.

Lakini nilikuwa nimesikia kule dirishani. Karani alitaka jambo ambalo jirani hawalijui. Uongo wangu hakuna jirani asiyeujua. Unajulikana mpaka Majoreni. Na Biasha si mjinga. Angetaka kusema linalojulikana, asingeshusha sauti.

Nikautazama mgongo wake. Alikuwa ameketi wima, leso imemkaa mabegani, mikono mapajani, ametulia kabisa. Mtu anayengojea kurudishwa hatulii hivyo. Nikaelewa. Nikaishika meza ya karani bila ya ruhusa.

"Sikumwona daktari," nilisema.

"Hukumwona?"

"Sikwenda kwa daktari. Nilikaa kwa rafiki yangu siku mbili, tukaziba tairi."

Mgongo wa Biasha haukugeuka, ila mabega yalishuka kidogo, kama ya mtu aliyetua kikapu. Karani hakuandika. Alikaa akiitazama barua ya mudiri, na nilidhani anatafuta kosa. Kisha akachukua muhuri, akaupiga mara mbili, akasimama kwa miguu yake na kunipa karatasi kwa mikono miwili. Sikupata kumwona karani akisimama kwa heshima ya fundi wa baiskeli.

"Safari njema, bibi," alimwambia Biasha. "Safari njema, mzee."

Sefu alikuwa amekwisha kuwasha gari. Alinung'unika kuwa watu wa siku hizi wanavuka kana kwamba wanaposa, lakini alitungoja tukapanda. Biasha alikaa dirishani. Tuliingia upande wa pili, na mashamba ya katani yakaanza, safu baada ya safu. Yeye aliyatazama kwa utulivu, na mimi niliutazama mgongo wa kiti kilicho mbele yangu. 

Mwishowe nilimwuliza, "Tangu lini?"

"Tangu mwaka uleule. Jemima alipokuja kwenye mazishi ya mjomba wako. Alinishukuru kwa zile siku mbili ulizomsaidia mumewe. Nikamwuliza na daktari je, alikuwa wa wapi. Akaniuliza, daktari gani?"

"Miaka kumi na minne."

"Ndiyo."

"Na hukunambia."

"Ulitaka nisijue," alisema. "Nikawa sijui."

Nilitafuta pa kuyaweka macho. Nilikumbuka kila siku niliyorudi nyumbani nimevimba kwa maneno ya kinyozi, nikaugomba mlango, nikakigomba chakula, naye akanisogezea maji ya kunawa bila ya kuuliza. Nilikuwa nimedhani hajui ninachokibeba. Alikuwa anajua uzito wake mpaka ratili ya mwisho.

"Basi na jina je?" nilimwuliza, kwa kuwa bado lilikuwa linanikereketa. "Neno moja, Biasha. Ungerudishwa kwa neno moja. Mimi ningekusamehe."

"Ninajua ungenisamehe." Alinigeukia sasa. "Jina lako limechezewa kila baraza kwa ajili yangu. Kwa kinyozi, sokoni, hata msikitini wakingoja adhana. Nami nimenyamaza kwa sababu ndivyo ulivyotaka. Mimi nimebakiwa na njia moja tu ya kuliheshimu. Nikuvunjie na hiyo, tena mezani pa karani, ili nikatazame garimoshi?"

"Na kama ningejibu vingine?"

"Ningerudi na basi la jioni la upande wetu. Ningekupikia chakula cha jioni."

Alisema hivyo bila ya majonzi, kama mtu anayetaja bei ya muhogo. Abiria mmoja mbele yetu alitoa kichwa dirishani akasema anauona mji. Biasha hakugeuka kuutazama. Miaka ishirini na miwili, na mji ulikuwa pale mbele, na yeye alikuwa ananitazama mimi.

"Ila nimechoka, Mwenye Nyumba," alisema. "Nimechoka kuwa sijui. Tukirudi, atakayekucheka mbele yangu nitamjibu."

"Utamjibu nini?"

"Nitamwambia hukumwona daktari."

 Nilimwambia asithubutu. Nilimwambia anawajua watu wa kwetu. Wakiniacha mimi watamgeukia yeye, watamwita lile jina nililolikimbiza nyumbani kwa mama yangu, na wanawake ni wabaya kuliko kinyozi. Nilimwambia mimi nimekwisha kuzoea, ngozi yangu ni gome, niachie mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hivyo ndivyo alivyonisikiliza siku zote.

"Umeubeba mzigo huu peke yako miaka kumi na minne," alisema. "Mimi nilikuwa ninatembea kando yako mikono mitupu, ninaona unavyotweta. Sasa lete nikupokee."

Nililia. Mimi Matano wa Shutu, mkali wa Msambweni, nililia ndani ya basi la Sefu mchana kweupe, na sikujificha. Biasha aliushika mkono wangu mbele ya abiria wote, jambo ambalo kwetu halifanywi, na hakuuachia mpaka basi liliposimama.